Maswali ya Wasomaji: Kamshafti Iliyolika, Kutu ya Mustang na Siku ya Kwanza Uwanjani

Barua za mwezi huu zinahusu magari ya misuli, yaani zile V8 za Kimarekani zilizoanza kutikisa barabara na Pontiac GTO ya 1964 na kufifia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Barua zote zimetoka Marekani isipokuwa moja ya Muscat. Kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu kosa lake linaua injini nzima, na wengi wanalirudia.

Mafundi, salaam. Nimefanyia ovahoo injini ya Chevrolet 350 (inchi za ujazo) ya 1971. Kamshafti na tapeti ni mpya, na ringi na beringi pia. Siku ya kuiwasha ilisumbua, nikapiga stata mara nyingi. Ilipokubali nikaiacha izunguke polepole huku nikirekebisha kabureta. Haijamaliza kilomita 200, na sasa inapiga misi, inagonga tiki-tiki juu, na inatema moto kwenye kabureta. Nimeuziwa kamshafti mbovu? — Msomaji, Houston, Texas

Ndugu yetu, inawezekana sana kwamba kamshafti ilikuwa nzima, na ikafa katika dakika zile za kwanza. Dalili ya kutema moto kwenye kabureta ndiyo inayotupa picha. Nundu ya valvu ya kutolea moshi ikilika, valvu haifunguki vya kutosha. Moshi unabaki ndani ya silinda, na valvu ya kuingiza ikifunguka, unarudi juu.

Hakikisha kabla hujafungua injini. Toa kava za valvu, kaza geji ya mshale juu ya pushrodi moja (ufito unaosukuma roka ya valvu), zungusha krenki kwa mkono kwa spana ndefu, andika pushrodi imepanda kiasi gani. Rudia kwa zote 16. Valvu nane za kuingiza zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, na nane za kutolea vilevile. Moja ikipungua kwa zaidi ya inchi 0.005 (milimita 0.13) kuliko wenzake, nundu hiyo imekwisha.

Sababu iko kwenye namna tapeti bapa, yaani vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushrodi, zinavyofanya kazi. Uso wa tapeti si bapa kabisa, umevimba kidogo sana katikati, na nundu imechongwa na mteremko mdogo. Kwa hiyo kila nundu inapopita chini, inaisukuma tapeti izunguke. Tapeti inayozunguka inaishi miaka mingi. Ikigoma kuzunguka, inasugua sehemu moja, na chuma kwa chuma kinalika kwa dakika chache. Oili inayolainisha nundu inarushwa hasa na krenki, na krenki hairushi oili ya kutosha ikiwa chini ya mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Kupiga stata muda mrefu kunafuta ile grisi nyeusi ya kuanzia. Kuiacha injini izunguke polepole baada ya hapo kunamalizia kazi.

Oili nayo ina lawama. Oili za kisasa za magari madogo, kama daraja la API SP la 5W-30, zimewekewa kikomo cha fosforasi, sehemu 800 kwa milioni, ili kulinda vichujio vya moshi vya magari mapya. Zinki na fosforasi ndizo zinazolinda nundu. Tafuta oili ya kuzoeshea injini, au ya mbio, yenye takriban sehemu 1,200 hadi 1,400 kwa milioni. Na tapeti za zamani haziwekwi kamwe kwenye kamshafti mpya, hata kama zinaonekana kama kioo.

Sasa habari ngumu. Usibadilishe kamshafti peke yake. Unga wa chuma umeshapita kwenye pampu ya oili na kwenye beringi. Kata kichujio cha oili, kunjua karatasi yake juani, utauona unang'aa. Injini ishuke yote, plagi za njia za oili zitolewe, njia zenyewe zisuguliwe kwa brashi ndefu na maji ya sabuni ya moto, beringi mpya ziwekwe.

Ukirudia, fuata mpango huu. Paka nundu na nyuso za tapeti grisi ya molibdeni, pande za tapeti zipakwe oili tu. Springi zikiwa mbili kwa kila valvu, toa za ndani kwa muda wa kuzoesha. Tapeti za haidroliki zikaze nusu mzunguko baada ya pushrodi kuisha ulegevu. Kisha jaza oili njia zote kabla ya kuwasha: chukua distribyuta mbovu, toa gia yake, itumbukize mahali pake, na izungushe kwa drili kuelekea mkono wa saa mpaka oili itoke kwenye roka zote 16, huku msaidizi akizungusha krenki kidogo kidogo. Ni lazima iwe distribyuta, au kifaa chenye mwili kama wake, kwa sababu kwenye injini hii mwili huo ndio unaoziba njia inayopeleka oili kwenye tapeti za upande wa kulia. Bisibisi ndefu pekee itaacha upande mmoja mkavu.

Weka taimingi nyuzi 10 hadi 12 kabla ya pistoni kufika juu, jaza vikombe vya kabureta kwa petroli, weka feni kubwa mbele ya rejeta na mtungi wa kuzimia moto karibu. Lengo ni iwake mara ya kwanza. Ikiwaka, ipandishe papo hapo hadi mizunguko 2,000, kisha ichezeshe kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Angalia geji ya oili na ya joto muda wote. Kama kuna uvujaji, zima, rekebisha, halafu anza tena palepale kwenye 2,000. Bomba za moshi zikianza kuwa nyekundu, taimingi imechelewa. Ukimaliza mwaga oili, badilisha kichujio, na hicho nacho kikate ukione ndani.

Ukichoshwa na haya yote, ipo kamshafti ya tapeti za magurudumu, ambayo haihitaji kuzoeshwa hivi. Bei yake ni kubwa. Tena nundu zake hazina ule mteremko, kwa hiyo hakuna kinachozuia kamshafti isiende mbele: inahitaji kizuizi nyuma ya kava ya cheni. Muulize pia muuzaji gia ya distribyuta inayokubaliana na chuma cha kamshafti hiyo, la sivyo gia italika na utarudi pale pale.

Jambo dogo mwisho: boliti za hedi za injini hii, 17 kila upande, zinaingia kwenye njia za maji. Paka nyuzi zake dawa ya kuziba, kaza kwa hatua tatu hadi futi-paundi 65. Maji yakipanda kwenye nyuzi yatakufanya ushuku gasketi bure.

Nimeonyeshwa Chevelle SS 396 ya 1970. Muuzaji anasema namba zote zinalingana na anataka bei ya SS. Nitajuaje si Malibu, Chevelle ya kawaida, iliyovalishwa nembo? — Msomaji, Columbus, Ohio

Kwa mwaka huo namba ya gari haitakusaidia. Itaanza na 13637, maana yake ni Chevrolet, Malibu ya V8, bodi ya milango miwili, basi. SS ilikuwa kifurushi cha kuongeza, Z25 kwa injini ya 396 na Z15 kwa 454. Ni Chevelle za 1966 hadi 1968 ambazo SS396 ilikuwa na mwanzo wake wa pekee, 138. (GTO ni rahisi zaidi: kati ya 1966 na 1971 namba inaanza na 242.)

Uthibitisho wenye nguvu ni ile karatasi ya kiwandani ya kuundia gari. Kwenye Chevelle mara nyingi ilibaki juu ya tangi la petroli, au ndani ya springi za viti. Mwombe muuzaji ruhusa ya kushusha tangi. Akikataa, jibu umeshalipata nusu. Kisha soma mihuri ya injini mbele ya hedi ya upande wa abiria: kuna herufi zinazotaja aina ya injini, na kuna sehemu ya namba ya gari, ambayo lazima ilingane na ile ya kwenye dashibodi. Sehemu iliyopigwa muhuri ionekane na mistari ya mashine ya kiwandani. Ikiwa laini kama imesuguliwa, au namba zimekaa upya mno juu ya chuma kizee, kuwa na mashaka.

Chini ya gari tafuta difu ya boliti 12, breki za disiki mbele, na bomba la petroli la inchi 3/8. Hivi vyote vinaweza kununuliwa na kufungwa, kwa hiyo kuwapo kwake hakuthibitishi kitu, lakini kukosekana kwake kunasema mengi. Bila karatasi, lipa bei ya Malibu nzuri. Ni gari zuri hata hivyo.

Mustang yangu ya 1967 ina maji miguuni kila mvua ikinyesha. Sakafu imeoza upande wa dereva. Nimeshanunua bati jipya la sakafu. Nianzie wapi kuchomelea? — Dada msomaji, Atlanta, Georgia

Dada, bati liweke kwanza. Maji hayatoki chini. Mbele ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa, na chini yake kuna kisanduku chenye shingo mbili zinazoingiza hewa ndani ya gari. Shingo hizo zimeoza kwenye Mustang nyingi za 1965 hadi 1968, na maji yakiingia yanadondoka moja kwa moja juu ya zulia. Mimina maji polepole kwenye matundu kwa mpira wa bustani, mtu mwingine alale chini ya dashibodi na tochi. Akiona tone, sakafu mpya itaoza kama ya zamani usipotengeneza huko juu. Matengenezo ya kweli ni kutoboa doa za kiwandani, kuinua bati la juu, kubadilisha la chini, na kufunga tena. Ni kazi ya kuchosha. Vikombe vya plastiki vinavyogundishwa ndani vinakuvusha msimu tu.

Ukishaziba huko, rudi sakafuni. Mustang haina chesisi ya pekee, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukikata sakafu kizembe, gari linapinda na milango haifungi tena. Kwa hiyo liweke kwenye stendi nne chini ya mihimili yake, mbele na nyuma, mpaka uzito usambae. Pima nafasi za mlango kwa fila geji na uziandike kwenye utepe, uubandike palepale. Chomelea vyuma vya kushikilia mwanya wa mlango. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.

Toa tangi la petroli, zulia na nyaya zote zilizo karibu. Bati la sakafu ni jembamba, karibu milimita 1. Tumia mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni asilimia 75 na kaboni dioksidi 25. Gonga doa moja moja, ukiruka kutoka kona hadi kona, na uache doa lipoe mpaka uweze kuligusa kabla hujagonga jirani yake. Anayevuta mstari mrefu kwa mara moja anapata bati lililojikunja. Mahali bati linapolala juu ya muhimili, toboa matundu ya milimita 8 na uyajaze. Futa rangi na zinki mpaka chuma kitupu, na vaa barakoa ya moshi, kwani mvuke wa zinki unaumiza mapafu. Baadaye praima ya epoksi juu na chini, kisha dawa ya viungo, kisha rangi. Dawa ya viungo ikiwekwa juu ya chuma kitupu inaficha kutu chini yake, na ndivyo wengi wanavyorudi kwenye kazi hiyohiyo baada ya miaka michache.

Assalaam alaykum. GTO yangu ya 1967 yenye injini ya 400 haina tatizo barabara kuu, lakini kwenye foleni inachemsha. Nikiizima ikiwa moto, stata inavuta kwa shida na wakati mwingine haiwaki mpaka ipoe. — Msomaji, Muscat, Oman

Waalaykum salaam, ndugu. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea lina shida ya hewa. Lingechemsha kwa kasi, tungeanza na rejeta iliyoziba au mpira wa chini unaonyonywa ukabana. Angalia kama kava ya kuzunguka feni ipo na haijapasuka, na panga zake zikae nusu ndani ya kava hiyo, nusu nje. Jaribu klachi ya feni injini ikiwa imezimwa na ni moto: ikizunguka ovyo kwa kidole, imekufa. Halafu mpira wa vakyumu wa distribyuta. Ukiuunganisha kwenye vakyumu kamili ya manifoldi, taimingi inapanda gari likiwa limesimama na joto linapungua. Wengi waliuziba bila kujua.

Pontiac ina lake la pekee. Nyuma ya pampu ya maji kuna kibati kinachogawa maji. Panga la pampu likiwa mbali nacho, maji yanazunguka hapohapo. Fungua pampu, pima, na ukunje kibati taratibu mpaka pengo libaki karibu milimita 1 bila kugusana. Kwa joto la Muscat hakuna baridi ya kuogopa, kwa hiyo asilimia 30 ya kuulanti na 70 ya maji safi inapoza vizuri kuliko nusu kwa nusu. Kifuniko cha rejeta kiwe cha paundi 15.

Stata ya GM imekaa karibu na bomba la moshi, na joto linaongeza ukinzani. Pima kwa mita kutoka nguzo chanya ya betri hadi nguzo ya stata wakati mtu anapiga ufunguo: ikipotea zaidi ya volti 0.5, badilisha waya kwa mnene, na usafishe wa ardhi pia. Funga ngao ya joto. Ikiwa stata inazunguka vizuri na gari haliwaki, basi petroli inachemka kwenye kabureta. Weka kipande cha kuzuia joto cha milimita 12 chini yake. Boneti ndefu ya GTO inaruhusu, lakini pima kwanza kwa udongo wa kuchezea juu ya chujio la hewa.

Chevelle yangu ya 1966 ina breki za dramu kote na masta silinda ya chumba kimoja. Nibadilishe? — Msomaji, Minneapolis, Minnesota

Badilisha, na ifanye kazi hiyo kabla ya kugusa injini. Kwa chumba kimoja, mpira mmoja ukipasuka unabaki na breki ya mkono tu. Masta ya vyumba viwili ya Chevelle ya 1967 inaingia bila taabu kubwa. Itoe hewa mezani kabla ya kuifunga. Ukiweka disiki mbele, toa ile valvu ya paundi 10 inayobakiza shinikizo kwa ajili ya dramu kwenye njia ya mbele, la sivyo pedi zitaburuza, na ongeza valvu ya kugawa shinikizo ili magurudumu ya nyuma yasifunge kwanza.

Camaro yangu ina difu ya 3.07. Rafiki anasema niweke 4.10. — Msomaji, Dallas, Texas

Chukua kasi kwa maili, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 336, gawa kwa kimo cha tairi kwa inchi. Kwa tairi ya inchi 26 kwenye maili 65 kwa saa, na giaboksi isiyo na gia ya ziada, 3.07 inakupa mizunguko 2,580, 3.73 inakupa 3,130, na 4.10 inakupa 3,440. Safari ya saa tatu kwa 3,440 inachosha watu na inakunywa petroli. Kama gari linaenda kazini, chukua 3.73. Kwenye difu ya boliti 12 ya Chevrolet, 4.10 mara nyingi inataka na kibebeo kingine. Pengo kati ya meno liwe inchi 0.006 hadi 0.010, na difu ya posi (isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure) isikose kilainishi chake maalumu.

Nataka kupeleka Camaro ya 1969, injini ya 350, giaboksi otomatiki, matairi ya kawaida, kwenye robo maili kwa mara ya kwanza. Nadhani itakimbia sekunde 14 na kitu. Wanakagua nini, na nifanyeje nisiaibike? — Msomaji, Phoenix, Arizona

Uwanja unaofuata kanuni za NHRA, chama cha mbio za robo maili cha Marekani, utaangalia kwanza vitu vya kawaida: betri imefungwa isitikisike, hakuna tone la oili wala petroli, nati zote za magurudumu zipo na vifuniko vya rimu vimetolewa, kabureta ina springi ya kurudisha, stata haipigi gari likiwa kwenye gia, rejeta ina chombo cha kupokea maji yanayofurika, mkanda wa kiti unashika. Vaa suruali ndefu, fulana yenye mikono, viatu vilivyofunika mguu. Helmeti inadaiwa kuanzia sekunde 13.99 kushuka chini. Chuma cha kulinda dereva kinaanza 11.49, na kizimba kamili 9.99. Hayo ya mwisho bado yako mbali nawe.

Matairi ya kawaida yasipite kwenye maji ya kuchomea matairi. Michirizi yake inabeba maji mpaka mstari wa kuondokea. Zunguka pembeni, kisha zungusha matairi kidogo pakavu kusafisha kokoto. Nyuma weka upepo paundi 26 hadi 28 kwa kuanzia, mbele acha ulivyo.

Tazama nguzo ya taa ya mstari wa kuondokea: sogea mpaka taa ndogo ya juu iwake, tulia, halafu sogea sentimita chache iwake ya pili. Taa tatu za njano zinafuatana kwa sekunde 0.5, kisha kijani. Ondoka unapoiona njano ya mwisho. Ukingoja kijani umechelewa. Lakini elewa kwamba saa ya gari lako inaanza gurudumu linapotoka kwenye mwale wa mwanga ulio mstarini, kwa hiyo kuchelewa kuondoka hakuharibu muda wako wa mbio. Kunakuharibia tu nafasi ya kumshinda wa pembeni. Ndiyo sababu siku ya kwanza sahau wa pembeni.

Usikanyage mafuta yote mara moja. Ondoka kwa nusu, kisha ongeza matairi yakishika. Namba ya kutazama kwenye karatasi ya muda wako ni ya futi 60 za kwanza. Ukipunguza sekunde 0.1 hapo, mwisho wa robo maili utavuna karibu 0.15 hadi 0.2, bila kununua kitu chochote. Nyuma ikianza kurukaruka, achia mafuta mara moja: mrukoruko ule unavunja ekseli na propela. Dawa yake ni vyuma vya kuzuia springi bapa zisijikunje. Badilisha kitu kimoja tu kati ya mbio na mbio, na uondoke na joto la maji lilelile kila mara, maana gari la moto na la baridi hayakimbii sawa.

Ukishapata mbio tatu zinazokaribiana, unaweza kuingia mashindano ya kutaja muda. Wewe unaandika 14.20, mwenzako 12.70, wewe unaondoka sekunde 1.50 kabla yake. Ukikimbia chini ya muda ulioandika, umetoka, isipokuwa mwenzako naye amekosea zaidi. Gari lisilobadilika linashinda gari lenye nguvu, na hapo ndipo Camaro ya kawaida inapopata heshima yake.

Baada ya mstari wa mwisho achia mafuta, shika breki mapema na kwa mkazo mmoja, usipite mbele ya mwenzako kukata kona. Dramu zikishakula kasi ile zinakuwa moto sana. Zipe muda wa kupoa kabla ya mbio nyingine, na usivute breki ya mkono ukiegesha. Na nunua helmeti yenye alama ya Snell (ya kupimwa usalama) kabla ya kwenda. Jioni yenye ubaridi, 14.1 yako inaweza kugeuka 13.9, na bila helmeti utaambiwa uegeshe hapohapo.